HiAce ya 5L inachemsha ikipanda mlima, na asubuhi inawaka kwa shida: nishushe hedi au kuna cha kupima kwanza?

Kisasa_Dizeli

Wakuu, habari za saa hizi. Gari ni HiAce ya umbo la zamani, injini ya dizeli aina ya 5L (ni jina la injini, si lita tano), gia za mkono, ina AC. Kazi yake ni abiria na mizigo, Dodoma–Kondoa–Babati.

Kwenye tambarare haina neno, mshale unakaa katikati. Ikishaiacha Kondoa na kuanza kupanda kuelekea Kolo ikiwa na mzigo, mshale unapanda mpaka karibu na nyekundu. Ukizima AC na kurudi gia ya tatu unashuka kidogo. Maji yanapungua kama lita moja kwa siku mbili na chini hakuna hata tone. Chupa ya akiba inajaa gari likiwa la moto, likipoa maji hayarudi kwenye rejeta. Asubuhi stata inazungusha muda mrefu, ikiwaka inatetemeka kama dakika moja na kutoa moshi mweupe, halafu inatulia.

Fundi wa kwanza katoa themostati (valvu inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto), hali ni ileile. Wa pili anasema gasketi ya hedi (kiziba kilicho kati ya bloku na hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda) imekwisha, hedi ishuke. Kabla haijashuka, nipime nini?

Spana_17

Mkuu, hedi haishushwi kwa maneno ya mdomo. Fundi wa pili huenda ana haki, ila akuthibitishie.

Anza na mfuniko wa rejeta. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote na hakuna anayekikagua. Una valvu mbili: springi kubwa inayoshikilia presha, na kijivalvu cha katikati kinachofunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka kwenye chupa. Kivute kwa kucha, kikiachiwa kirudi chenyewe. Kikiganda, maji yanatoka na hayarudi, kama unavyoeleza. Kagua pia kimpira cha kwenda kwenye chupa: kisiwe na ufa, na ncha yake ifike chini kabisa ya chupa, la sivyo kitavuta hewa.

Kwa nini mfuniko una uzito hivyo? Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji kwenye sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Mfuniko mzima wa presha ya 0.9 unayasogeza mpaka zaidi ya 115. Mpira wake ukikauka umerudi kwenye 96, na injini yenye mzigo mlimani inacheza hapo hapo. Namba imeandikwa juu ya mfuniko, nunua yenye namba ya gari lako. Usiweke wa presha kubwa zaidi ukidhani unasaidia, utapasua rejeta.

Ndipo upime gesi. Injini iwe ya baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha:

1. Fungua mfuniko, jaza maji mpaka shingoni, washa. Mapovu ya dakika chache za mwanzo yanaweza kuwa hewa iliyonaswa, usiyahukumu. Panda mpaka mizunguko 2,000 hivi na uishikilie. Mapovu yasiyokoma, tena yanayozidi kila ukikanyaga, ni gesi ya silinda.
2. Siku nyingine, funga mfuniko, washa injini ya baridi, shika hozi ya juu baada ya dakika moja au mbili. Maji bado ya baridi lakini hozi imekuwa ngumu kama tairi? Hiyo presha haijaletwa na joto.

Moshi mweupe nao ni wa aina mbili. Wa dizeli isiyoungua unawasha macho na unanuka dizeli; huo ni wa plagi za joto (zinazopasha silinda asubuhi ili dizeli iwake) au hewa kwenye njia ya mafuta. Wa maji ni mvuke, hauwashi, na ukiweka kiganja kwenye ekzosi kinalowa. Ila asubuhi ya baridi, mwezi wa saba hapa Dodoma, ekzosi ya gari zima nayo inalowa kidogo, kwa hiyo usikate shauri kwa hilo peke yake.

Mzee wa Nkuhungu

Themostati ni ya nchi za baridi. Hapa kwetu toa, weka maji, tembea. Sioni tatizo la kuitoa, mimi ningeangalia rejeta tu.

DizeliDom

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Itoe themostati ya injini za L uitazame chini: ikiwa na kisahani cha pili, kazi yake ni kuziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare huoni kitu, mlimani ndipo inapodai. Pia dizeli inayotembea ya baridi inakula mafuta na kujaza masizi.

Kisasa_Dizeli, rudisha themostati. Ipime kwanza: itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, isiguse chini. Ianze kufunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake, mara nyingi 82, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka kama milimita 8 au zaidi. Ukiifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakotokea.

Kuhusu asubuhi, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wa plagi na gasketi kwa pamoja. Jioni injini ikiwa vuguvugu, safisha vumbi kuzunguka plagi za joto, zilegeze zote nne kisha uzirudishe kwa kukaza kidogo. Usizing'oe zikiwa za baridi kwa nguvu, ikikatikia ndani ya hedi umeongeza kazi. Endesha kidogo, jaza rejeta, lala. Asubuhi usiwashe. Toa ule ukanda wa umeme unaounganisha plagi, toa plagi zote, chomoa waya wa swichi ya kuzimia iliyo kwenye pampu ya dizeli, watu wasimame mbali, halafu zungusha stata. Silinda yenye maji itarusha ukungu wa maji kwenye tundu lake. Hapo huna haja ya kubishana na mtu.

Plagi zikiwa nje, zipime kwa mita kwenye omu: nzima inasoma omu moja hivi au pungufu, isiyosoma kitu imekatika. Nunua kwa namba iliyo kwenye plagi, volti zinatofautiana.

Angalizo: kama stata inazunguka kidogo halafu inagota ghafla, acha papo hapo. Maji hayabanwi, utapinda koni rodi.

RejetaNaHozi

Tuseme gasketi imekwisha kweli. Ilikufa kwa sababu gani? Ukibadilisha gasketi na kuacha kilichoiua, baada ya miezi kadhaa mtarudi hapa hapa. Gari linalotulia tambarare na kuchemsha mlimani linakosa upepo au linakosa mzunguko wa maji.

Upepo. HiAce ukiisimamisha ukachungulia kutoka mbele unaona kondensa ya AC tu, rejeta iko nyuma yake. Kati ya hizo mbili ndiko vumbi la njia za Kondoa, mbegu za nyasi na wadudu vinakojipanga mpaka vinakuwa kama blanketi. Kuosha kwa mbele hakusaidii. Legeza kondensa uisogeze bila kufungua mabomba ya gesi, kisha piga maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Presha kubwa inalaza mapezi.

Klachi ya feni: injini ikiwa imezimwa na ni ya baridi, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka raundi kadhaa yenyewe, oili yake ya silikoni imekwisha. Michirizi ya mafuta yenye vumbi katikati ya klachi inasema hivyo hivyo. Hiyo oili huuzwa kwenye vimirija, usiweke oili ya injini. Na lile boksi la plastiki linalozunguka feni lipo? Mafundi wengi wakilitoa hawalirudishi, basi feni inabaki kuzungusha upepo uleule wa moto badala ya kuvuta kupitia rejeta.

Mzunguko. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi na chokaa. Tazama ukoko ndani ya birika lako la chai, ndio huo unaokaa kwenye mirija ya rejeta. Gari likiwa la moto, zima, subiri feni isimame, pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu za baridi ni mirija iliyoziba. Ya shaba inafunguliwa matangi na kuzibuliwa kwa fito. Ya alumini yenye matangi ya plastiki usiihangaikie, nunua nyingine. Ukijaza upya weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri, au maji ya mvua yaliyochujwa.

Kingine: kama gari lako lina hita ya nyuma, mabomba yake ya chuma yanapita chini ya sakafu na yanaoza. Tone linadondoka barabarani tu presha ikipanda, gari likisimama pamekauka. Lala chini na tochi kabla ya kusema hakuna uvujaji.

Kisasa_Dizeli

Asanteni sana wakuu. Majibu: mfuniko kijivalvu kimeganda. Hozi imekuwa ngumu ndani ya dakika mbili maji yakiwa baridi. Plagi moja imekatika. Silinda ya tatu imerusha maji. Boksi la feni halipo kabisa.

DizeliDom

Basi hedi ishuke, fundi wa pili alikuwa sahihi. Msimamie haya:

Hedi isifunguliwe ikiwa ya moto. Bolti zilegezwe kutoka pembeni kuja katikati, kwa awamu. Ikishuka, iende karakana ipimwe nyufa kwa presha. Hedi za 5L hupenda kupasuka kati ya valvu, na ufa mwembamba hauonekani kwa macho. Walaze rula ya chuma kwa urefu na kwa mishazari wapime mwanya kwa fila (vibamba vyembamba vya kipimo). Wasiikwangue zaidi ya inavyohitaji, valvu zitasogea karibu na pistoni.

Gasketi za injini hii zina unene tofauti. Soma alama ya ile ya zamani kabla haijatupwa, ununue yenye alama hiyohiyo kama bloku haijaguswa. Matundu ya bolti kwenye bloku yakaushwe kwa upepo. Maji yakibaki chini, bolti ikikazwa inaweza kupasua bloku. Kukaza ni kutoka katikati kwenda nje kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), namba zichukuliwe kwenye kitabu cha injini.

Taimingi beliti iko nje tayari, weka mpya. Maisha yake ni kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagonga pistoni. Kliarensi (mianya) za valvu zipimwe injini ikiwa ya baridi: za kuingiza milimita 0.20 hadi 0.30, za kutoa 0.40 hadi 0.50.

Spana_17

Na kutoa hewa. Paki pua ikiwa juu kwenye mwinuko, hita zote kwenye joto kali, mfuniko wazi, injini iwake huku unaminya hozi ya juu na kuongeza mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Kesho yake asubuhi fungua tena, lazima maji yatakuwa yameshuka kidogo, jaza. Halafu ipandishe Chimwaga kwenye mwinuko wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ikiwa na mzigo kabla hujaipakia abiria wa Kondoa. Boksi la feni litafute kwenye mitumba ya magari yaliyokatwa.

Mzee wa Nkuhungu

Haya, themostati nimewaachia. Lakini boksi la feni mimi sikujua kama lina kazi, langu niliweka stoo.

RejetaNaHozi

Mzee, lirudishe leo leo.