Tupeane uzoefu: Ulisema kwa Kiswahili, kikaandikwa kwa Kiingereza

Mwanzilishi wa mada

Ndugu wanajamvi, Tanzania ina lugha zaidi ya 120, lakini dola huendesha shughuli zake kwa mbili tu, na mgawanyo wa kazi kati ya hizo mbili haukuwahi kuwekwa wazi na Katiba. Katiba ya mwaka 1977 haina ibara inayotamka lugha ya Taifa ni ipi. Pale inapozitaja Kiswahili na Kiingereza ni katika ibara ya 67, inayomtaka anayewania ubunge ajue kusoma na kuandika mojawapo. Mengine tumeyapata kwa desturi, kwa sera na kwa sheria za kawaida, ndiyo maana nawaomba masimulizi yenu badala ya hoja za jumla. Ni wapi maishani mwako lugha hizi mbili zilikutana, ikabidi moja iwe na neno la mwisho?

Naanza mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita marehemu baba alikubali kuwa mdhamini wa mkopo wangu, akaweka nyumba yake rehani. Ofisa wa benki alitueleza masharti kwa Kiswahili kizuri na kwa subira, baba akauliza maswali, akajibiwa, akaridhika. Kisha tukawekewa mezani mkataba wa Kiingereza mtupu. Marejesho yaliponilemea, jambo ambalo baba aliahidiwa kwa mdomo halikuonekana popote katika maandishi, na tukaambiwa kwa upole kwamba kinachohesabika ni maandishi. Ninachojiuliza hadi leo si ugumu wa yale maneno. Maelezo tuliyopewa kwa lugha yetu yalikuwa ni ukarimu tu, na mamlaka yalikuwa upande mwingine wa meza.

Karani Mstaafu

Mwanzilishi, pole kwa yaliyowakuta, na ahsante kwa mada. Nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa zaidi ya miaka 30, nikianzia Mahakama ya Mwanzo, ambako kila kitu kilikuwa Kiswahili, kuanzia hati ya mashtaka hadi hukumu. Nilipohamishiwa ngazi za juu ndipo nilipokutana na hiki unachokieleza. Shahidi alisimama kizimbani akaapa na kusema kwa Kiswahili. Wakili akamhoji kwa Kiswahili. Hakimu, ambaye naye Kiswahili ndicho alichoamka nacho nyumbani, akainama na kuandika kwa Kiingereza. Chumba kizima kilizungumza lugha moja, jalada likazungumza nyingine. Sasa ieleweke kwamba rufaa inapokatwa, majaji hawamwiti tena yule shahidi; wanasoma mwenendo wa shauri kama ulivyoandikwa. Kwa hiyo aliyesema amekwisha kutoka, na anayebaki kusema kwa niaba yake ni tafsiri iliyofanywa kwa haraka, kwa mkono, bila mtu wa kuihakiki.

Niwape mfano mmoja. Mzee mmoja alidai shamba lake na kusema, "Nilimwachia mdogo wangu shamba nilipokwenda mjini." Kila aliyekuwemo alimwelewa: alimkabidhi alitunze mpaka arudi. Lakini kitenzi "kuachia" kina milango miwili, na mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuchagua mmoja. Uliochaguliwa ulikuwa ule wa kutoa moja kwa moja. Katika rufaa mzee alikutana na maneno yake yakimpinga, naye hakuwa na uwezo wa kuyasoma ili ajue yalipogeukia.

Mfano wa pili ni wa mirathi, na huu niliuona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Shahidi anataja baba mdogo, kisha anataja mjomba, na katika ukoo wenye kufuata upande wa baba tofauti ya watu hao wawili ndiyo kesi yenyewe. Kiingereza kina neno moja tu, "uncle", kwa wote wawili. Ukurasa wa tatu wa mwenendo unakuwa na "uncle" wawili, na hakuna ajuaye yupi ni wa damu ya marehemu.

Nawaombeni msidhani nawalaumu mahakimu. Walifundishwa sheria kwa Kiingereza, kesi za rejea zilikuwa za Kiingereza, na fomu walizojaza zilikuwa za Kiingereza. Mtu huandika kwa lugha aliyosomea kazi yake.

Mwalimu wa Fizikia

Shikamoo mzee wangu Karani. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo inayonileta hapa, kwa sababu mimi ndiye ninayewaandaa hao watakaoandika.

Mwanafunzi wa Kitanzania katika shule ya Serikali husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu masomo yote, ukiacha Kiswahili chenyewe, yamegeuka Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Serikali kuchunguza elimu nchini, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na Serikali haikukubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, alikitetea Kiingereza akikiita Kiswahili cha dunia. Mimi naliheshimu jina lile, lakini darasani kwangu naona kitu kingine. Ninapoeleza kani na mwendokasi kwa Kiswahili, mikono inanyanyuka na wanabishana, hata wanakosea vizuri, yaani wanakosea kwa kufikiri. Mkaguzi akiingia, nabadilisha lugha katikati ya sentensi, na darasa linanyamaza kama limemwagiwa maji. Mkaguzi huandika kwamba nidhamu ni nzuri.

Naongeza ungamo. Nimesahihisha majibu ya wanafunzi ambao nilijua wanaielewa dhana, na nikawanyima alama kwa sababu mwongozo haukuniruhusu kukubali walichoandika kwa Kiswahili. Nawakumbuka kwa sura.

Mama wa Wawili

Mimi nitakuwa mkosaji wenu leo. Wanangu nimewapeleka shule ya mchepuo wa Kiingereza, tena kwa kujinyima, kwa sababu ya huo huo mkataba wa benki. Sitaki waje kusaini wasichokisoma. Bibi yao hulalamika kwamba wanamwamkia kwa Kiswahili badala ya kilugha, na hilo linanikumbusha kwamba hata Kiswahili tunachokililia hapa kilipita juu ya lugha nyingine ili kifike tulipo. Mwalimu, ungekuwa na uwezo wa ada, wako ungewasomesha wapi?

Mwalimu wa Fizikia

Dada yangu, wangu wanasoma huko huko unakosema. Sina jibu.

Mfasiri wa Sheria

Naomba niingilie hapo aliposema Mama wa Wawili kuhusu Kiswahili kupita juu ya lugha nyingine, maana ni kweli, ila si kweli yote. Watawala wa Kijerumani waliendesha koloni kupitia maakida, yaani maofisa wenyeji waliowawakilisha, na Kiswahili, na Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja kilisimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 chini ya Waingereza. Kwa hiyo chombo tunachokiita chetu kiliwahi kunolewa na mtawala kwa haja zake. Baada ya Uhuru ndipo kilipofanyiwa kazi nyingine: BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, iliundwa mwaka 1967, na wanaistilahi, waundaji wa maneno ya kitaalamu, wakachota majumbani mwetu. Neno "ikulu" tumelipata kwa Wanyamwezi na Wasukuma, "ngeli" kwa Wahaya, "kitivo" kwa Wapare na Wasambaa, kwao likiwa na maana ya ardhi yenye rutuba. Bibi wa hao watoto huenda ana neno lake bungeni bila kujua.

Kuhusu hoja kwamba sheria haina maneno ya Kiswahili, huwa nacheka kidogo. Hakimu, wakili, hukumu, rufaa, hati na sheria yenyewe ni maneno yaliyokuwa yakifanya kazi katika mwambao kabla Mwingereza hajafungua ofisi. Kigumu ninapotafsiri sheria si kupata neno; ni kulifanya liwe moja, kila mahali, kila mwaka, ili wakili asishinde kesi kwa sababu ibara mbili zimetumia visawe.

Jirani wa Kenya

Kwetu ni kinyume chenu. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imetamka wazi: Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Ninyi hamna ibara, lakini mna Bunge la Kiswahili. Sisi tunayo ibara, na hukumu ya kesi yangu ya ardhi nilisomewa kwa Kiingereza, nikasubiri wakili anieleze kwenye ngazi kama nimeshinda.

Karani Mstaafu

Jirani, nakuelewa. Marekebisho ya Sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya sheria na ya mahakama nchini kwetu kuwa Kiswahili, huku yakiacha mlango wa Kiingereza pale haki inapodai hivyo. Nilikwisha kukaribia kustaafu. Sitawadanganya kwamba mambo yaligeuka kwa siku moja. Mazoea ya mkono ni magumu kuliko sheria, na jalada la zamani halijitafsiri.

Ila kuna asubuhi moja ambayo nilikuwa nimekaa mahali pangu pa kawaida, na hakimu akausoma ushahidi kwa sauti kama alivyouandika, kwa Kiswahili, ili shahidi athibitishe. Alikuwa mama mtu mzima, amejifunga khanga mbili, hajawahi kukanyaga mahakamani. Alisikiliza hadi katikati, akanyanyua kidole. "Hapo mheshimiwa, mimi sikusema alikuja. Nilisema alirudi." Hakimu akaangalia karatasi yake, akakata neno, akaandika jingine juu yake, akaweka sahihi pembeni.