Uhandisi wa programu Stuttgart: nitafute kazi muhula wa kwanza?

Kijana anayekuja Oktoba:

Shikamooni wakubwa. Nimepata nafasi ya shahada ya kwanza ya Softwaretechnik, Chuo Kikuu cha Stuttgart. Kijerumani nimemaliza, viza imetoka, na baba ameshaweka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti ya kuzuia, ile inayoniachia euro 992 tu kila mwezi. Kinachoniumiza kichwa ni ada. Sisi wa nje ya Umoja wa Ulaya jimbo la Baden-Württemberg linatutoza euro 1,500 kila muhula, na hazimo kwenye zile 992 za mwezi. Nifike tu nitafute kazi ya saa 20 kwa wiki?

Dada wa mwaka wa tatu, Vaihingen:

Mdogo wangu, hongera sana. Kama nyumbani wanaweza kujibana wakalipa ada ya muhula huo mmoja, nakuomba usifanye kazi.

Piga hesabu. Muhula ni krediti 30, kila krediti saa 30 za kusoma, jumla saa 900. Na hakuna mtihani wa katikati wa kukushtua, wala mwalimu wa kuita majina. Kila wiki linatoka karatasi la mazoezi, mnalifanya kikundi cha watu wawili watatu, mnakusanya, linasahihishwa. Katika masomo mengi, usipofikisha alama za mazoezi huruhusiwi kuukalia mtihani wa mwisho. Kwa hiyo muhula unaamuliwa Oktoba na Novemba, wakati wewe bado unahangaika na bima ya afya, benki, na kujiandikisha manispaa (ndani ya wiki mbili tangu uhamie, ukiwa na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba).

Wiki ya kwanza tafuta kikundi. Usisubiri kuitwa. Nimeona ndugu zetu, wakali kabisa wa programu, wakikaa nyuma peke yao kwa kuona haya kuongea, na roho inaniuma kila mara. Kijerumani cha cheti hakitoshi kubishania uthibitisho wa hisabati. Hicho cha kubishana utakipata mezani na wenzako. Mwendee aliyekaa peke yake, muulize kama ana kikundi. Baadaye kuna Studienprojekt, mradi mkubwa wa timu, kuanzia mahitaji ya mteja hadi kukabidhi programu inayofanya kazi. Huko anayejua kuandika programu lakini hajui kuongea na timu anapata taabu sana.

Tena, kuhudhuria somo si kujiandikisha mtihani. Kwa mtihani ni wewe mwenyewe unayejiandikisha, kwenye C@MPUS, mfumo wa mtandaoni wa chuo, na muda ukipita umepita. Kuna pia mtihani wa mwelekeo, Orientierungsprüfung: lazima uwe umeufaulu kufikia mwisho wa muhula wa tatu, vinginevyo unaweza kupoteza haki ya kuendelea na kozi.

Mzee wa Esslingen:

Marahaba mwanangu. Msikilize dada yako.

Kuhusu sheria, tangu Machi 2024 mnaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Kazi ya usaidizi chuoni, ile wanayoiita hiwi, haihesabiwi humo. Hiyo ndiyo ya kuilenga mwaka wa pili: ukifaulu vizuri somo la programu, unaweza kuomba kusahihisha mazoezi ya wanaokufuata. Unalipwa, na yale uliyosoma unayarudia. Ukishakuwa na matokeo ya kuonyesha, Bosch na Mercedes-Benz wako mkoa huu huu na huajiri wanafunzi. Mwaka huu wa kwanza, mitihani ikiisha na kabla masomo hayajarudi Aprili, fanya siku nzima nzima, hata ghalani. Siku hizo chache zitapunguza mzigo wa ada ya muhula wa pili.

Kijana:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nitaongea na baba leo. Na chumba?

Dada:

Omba Studierendenwerk, shirika la huduma za wanafunzi lenye mabweni, leo hii, usingoje kufika, foleni ni ndefu. Chagua mabweni ya Allmandring au Pfaffenwaldring ukipewa nafasi ya kuchagua. Ziko Vaihingen, unatembea kwa miguu hadi jengo la informatiki, Universitätsstraße 38. Ukikosa, tafuta chumba karibu na njia ya treni za S1, S2 au S3, zote zinasimama kituo cha Universität. Tuandikie tarehe ya kufika, tutakupokea, na fomu ya manispaa tutaijaza pamoja.