Nimekabidhiwa kitengo cha wafadhili wakubwa chuo kikuu. Bosi anataka harambee, mimi nina wasiwasi. Ushauri wakuu

Binti Ruvu:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa waliowahi kufanya kazi hii, na hata kwa matajiri wenyewe kama mmo humu (najua mmo, mnajificha tu).

Nimetoka benki, upande wa wateja wakubwa. Nimeajiriwa na chuo kikuu kimoja cha umma hapa nyumbani niongoze kitengo kipya cha wafadhili wakubwa. Ni chuo cha utafiti kwelikweli: afya, kilimo, maji. Shida ni kwamba karibu utafiti wetu wote ulikuwa unaendeshwa na fedha za nje. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, na Julai mosi mwaka huohuo USAID ikafungwa rasmi, miradi mingine ilikatika katikati. Vijana wa maabara walirudi nyumbani, sampuli zikabaki kwenye majokofu. Hapo ndipo Baraza la Chuo lilipozinduka kwamba tuna wahitimu wenye uwezo wao mjini na hakuna aliyewahi hata kuwapigia simu kuwasalimia.

Nilichokikuta: daftari la wahitimu limejaa namba za simu za mezani. Kila ndaki (tawi la taaluma chuoni) ina mfadhili wake na haitaki kumtaja. Makamu Mkuu wa Chuo anataka tuandae chakula cha jioni kwenye hoteli kubwa Dar, mgeni rasmi awe kiongozi wa kitaifa, meza ziuzwe, ahadi zisomwe kwenye kipaza sauti. Mimi naona tutaambulia picha nzuri na ahadi hewa.

Halafu kuna hili. Mzee mmoja, mhitimu wetu wa zamani, mwenye kampuni ya ujenzi, yuko tayari kutoa shilingi milioni 800 ijengwe maabara yenye jina la marehemu mkewe. Ana masharti mawili: kampuni yake ndiyo ijenge, na mjukuu wake aliyekosa nafasi ya udaktari "aangaliwe". Nilimsikiliza kwa adabu, nikamwambia nitarudi. Sasa nirudi na nini?

Ngosha wa Kati:
Singo laki moja, dabo laki na nusu, mwisho wa kupokea michango tarehe 30. Uzi tayari 😂

Kaka wa Baltimore:
Ngosha ametania lakini ndiyo ugonjwa wenyewe. Michango ya harusi inafanya kazi kwa sababu kila mtu anajua kesho ni zamu yake. Tajiri hatarajii chuo kimchangie harusi, kwa hiyo ile aibu ya kusomwa jina ukumbini haimbani. Atatamka milioni 50, atapigiwa makofi, na simu yenu hatapokea tena.

Niko Maryland, nafanya kazi ofisi ya wafadhili ya chuo kimoja huku (siyo kile kikubwa mnachokijua). Dada, kwetu afisa mmoja wa wafadhili wakubwa anashika watu 100 hadi 150, na wanaokaribia kutoa kwa mwaka husika ni wachache sana kati yao. Kazi yenyewe ni kutembelea, kusikiliza, kuandika ulichosikia, kurudi. Kumwendea mtu kwa mara ya kwanza hadi akasaini zawadi kubwa, mwaka mmoja ni haraka, miwili ni kawaida. Mweleze hivyo Makamu Mkuu mapema na kwa maandishi, la sivyo mwezi wa sita utaulizwa hela ziko wapi.

Na usiwadharau wahitimu wachanga. Bilionea Michael Bloomberg alimaliza Chuo Kikuu cha Johns Hopkins 1964, mwaka uliofuata akatuma mchango wake wa kwanza: dola 5. Mwaka 2018 alitoa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo, na 2024 akaongeza bilioni 1, sehemu kubwa kwa wanafunzi wa udaktari. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka hamsini ya chuo kujibu barua zake. Kwa hiyo hilo daftari la simu za mezani ndilo dharura yako ya kwanza, kabla hata ya huyo mzee.

Mkereketwa:
Samahani, hizo ni hadithi za Marekani. Matajiri wetu wanatoa jezi, madawati na futari. Utafiti wa vimelea vya malaria nani atautolea hela? Hauna picha ya kupiga.

Nairobi Yetu:
Mkereketwa, njoo Nairobi kidogo. Manu Chandaria, yule tajiri wa viwanda, hakusoma vyuo vyetu vya USIU wala Kenyatta, shahada yake kubwa aliichukua Cornell, Marekani. Lakini USIU ina shule ya biashara yenye jina la Chandaria, Kenyatta ina kituo cha ubunifu wa biashara chenye jina hilo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo cha sanaa za jukwaani chenye jina hilohilo. Huko kwenu Mohammed Dewji alijiunga 2016 na kundi la matajiri wanaoahidi kutoa angalau nusu ya mali zao. Watu wapo. Swali ni nani amewahi kukaa nao akawauliza wanajali nini.

Hapo ndipo wengi tunapokosea: tunaanza na orodha ya mahitaji ya chuo, eti paa linavuja, basi limechakaa. Mwenye mali havutiwi na paa lako. Ana jambo lake moyoni: mama aliyekufa kwa saratani, mto wa kijijini uliokauka, vijana wasio na kazi. Tafuta mtafiti wako ambaye kazi yake inagusa jambo hilo, uwakutanishe, kisha wewe nyamaza.

Daktari wa Mbu:
Nakazia hapo kwenye kunyamaza. Mimi ni mtafiti, na nitasema kwa nini tunawaficha wafadhili wetu, maana mleta uzi anaonekana anatulaumu. Tukimtaja mfadhili, makao makuu yanakata asilimia yao, hela inakaa akaunti kuu miezi, na barua ya shukrani inaandikwa na mtu asiyejua hata tunafanya nini. Ukitaka majina, tuhakikishie kwa maandishi kwamba hela yenye jina la mradi itafika kwenye mradi, na kwamba hakuna atakayemwendea mfadhili wetu bila sisi kujua. Ukishika hilo kwa ndaki moja tu, nyingine zitakuja zenyewe.

Kuhusu picha: kuna mfanyabiashara tulimleta chumba cha kufugia mbu. Hatukumwonyesha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Msichana wetu wa maabara alimwambia aingize mkono kwenye ile mikono ya kitambaa iliyoshonwa ubavuni mwa kizimba, abadilishe pamba ya maji ya sukari bila kumtoa mbu hata mmoja. Alitoa jasho! Alipomaliza akauliza, "Umeme ukikatika usiku inakuwaje?" Msichana akamjibu ukweli: joto likivurugika, kizazi kizima kinaweza kufa na tunaanza upya. Hatukumwomba kitu siku ile. Baadaye alirudi mwenyewe akauliza bei ya mfumo wa sola wenye betri kwa jengo zima. Kwa hiyo Mkereketwa, picha ipo, ila haipigwi ukumbini.

Mama Hesabu:
Nije kwenye huyo mzee wa milioni 800, maana wote mnamkwepa.

Fedha ikishaingia akaunti ya chuo cha umma, imekuwa fedha ya umma. Ujenzi utatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa tenda mtandaoni, kama tenda nyingine, na hakuna barua inayoweza kumpa yeye kazi kwa sababu ndiye aliyechangia. Kama anataka lazima ajenge mwenyewe, njia iliyopo ni atoe jengo badala ya fedha: ajenge kwa gharama zake, kwa michoro iliyopitishwa na chuo, akabidhi likiwa limekamilika. Mwanasheria wa chuo awepo kuanzia kikao cha kwanza, siyo siku ya kusaini. Na mweke mkadiriaji majenzi asiye wa kwake athibitishe thamani, maana jengo la milioni 450 linaweza kuitwa la milioni 800 kwenye karatasi za kodi, na jina lenu ndilo litakuwa kwenye hati.

Kwenye kodi una kitu kizuri cha kumwambia. Michango ya kawaida ya hisani hupunguzwa kwenye mapato ya biashara kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato hayo. Lakini mchango unaotolewa chini ya Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001, ule mfuko unaosimamiwa na TEA (Mamlaka ya Elimu Tanzania), hauna kikomo hicho. Wafanyabiashara wengi hawalijui hili. Nenda na mtu wa kodi, usiende na kipeperushi.

Wale wa nje nao wana lao. Mhitimu wenu aliyeko Marekani akituma hela moja kwa moja kwenu, kwa kawaida hapati nafuu ya kodi kwao. Wengi hupitia mashirika ya kati kama Myriad USA, ambayo hupokea mchango huko na kuuleta huku. Chuo kifungue njia hiyo kabla hujapanda ndege kwenda kuwasalimia.

Mombasa wa Kale:
Mama Hesabu amesema vyema. Mimi naongeza swali moja: hiyo maabara ikishajengwa, nani atalipa umeme wake? Sisi watu wa pwani tumeliona hili kwenye wakfu. Mtu alitoa nyumba Mji Mkongwe kwa nia safi kabisa, isiuzwe, kodi yake isomeshe watoto. Kodi ikabaki ndogo, matengenezo hayakufanyika, leo nyingi zimechakaa na nyingine zinashikiliwa na magogo. Nia haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni fungu la kuitunza ile nyumba.

Mwambie mzee hivi: jengo liwe dogo, na sehemu ya hela iwe mfuko wa kudumu ambao mtaji wake hauguswi, mnatumia faida tu. Vyuo vya Marekani hutumia kama asilimia 4 au 5 kwa mwaka. Milioni 200 kwa asilimia 4 ni milioni 8 kila mwaka, za dizeli ya jenereta na kulipa fundi wa majokofu. Si nyingi, ila jina la mkewe halitakaa juu ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Ningekuwa mimi ndiye huyo mzee, hoja hiyo ingenishika kuliko hiyo ya kodi.

Kaka wa Baltimore:
Hilo la mjukuu lisilete kigugumizi. Jibu ni hapana, na alisikie mapema, ana kwa ana, siyo kwa barua. Vigezo vya chini vya udahili vinawekwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), huna mamlaka navyo, na hata ungekuwa nayo usingeyatumia. Huku Machi 2019 wazazi matajiri na makocha walikamatwa kwa kununua nafasi za vyuo, wengine wakafungwa. Mweleze kwamba siku habari ikivuja, jina litakaloandikwa magazetini ni lile la mkewe. Kisha msaidie mjukuu kihalali: kuna programu nyingine za afya anazostahili, mshauri wa udahili akae naye. Wazee wengi wakiambiwa ukweli kwa heshima wanaelewa. Asiyeelewa, mwache aende na milioni 800 zake.

Na kwenye mkataba wa zawadi weka kifungu cha kuondoa jina. Chuo cha Tufts huku kilishusha jina la Sackler, familia yenye kampuni ya dawa, kwenye majengo na programu zake Desemba 2019 kwa sababu ya dawa yao ya maumivu iliyoleta uraibu, na familia ililalamika kweli. Kifungu kiwepo kwa kila mfadhili, awe mzee wetu au kampuni ya simu, ili asijione ametuhumiwa.

Ngosha wa Kati:
Nilikuja kutania, nimebaki nasoma. Dada, mimi nimemaliza hapo chuoni kwenu kama ndicho ninachokidhania, na tangu nimemaliza ujumbe pekee niliopokea ulikuwa wa kudaiwa kitabu cha maktaba. Nilikirudisha 2011.

Binti Ruvu:
Ngosha, nitumie namba yako inbox, na hilo deni tutalifuta 😂

Wakuu, asanteni sana. Kwa mzee naenda na Mombasa wa Kale kichwani na Mama Hesabu mkononi, na suala la mjukuu nalisema kabla ya chai. Ndaki nitaanza na moja ya afya ambayo mkuu wake ananisikiliza, tuandikiane hayo ya Daktari wa Mbu.

Limebaki la Makamu Mkuu. Ukumbi tayari ameshauliza bei. Nikimwambia hapana moja kwa moja, kazi yenyewe sina.

Nairobi Yetu:
Usimwambie hapana. Mwambie "baadaye". Kampeni kubwa za vyuo huanza kimya: nusu ya lengo au zaidi inaahidiwa kwa maandishi kabla lengo lenyewe halijatangazwa. Na wa kwanza kuahidi wawe wajumbe wa Baraza la Chuo, kila mtu kwa uwezo wake, maana mfadhili wa kwanza atakayekuwa makini atauliza wao wametoa ngapi. Kwa hiyo mwombe Makamu Mkuu vitu viwili: asubuhi moja kila wiki ya kwenda nawe kwa watu, na orodha ya ahadi za Baraza. Nusu ikitimia, chukueni ukumbi, mgeni rasmi aje, na kwenye kipaza sauti zisomwe hela zilizokwisha kuingia.

Mama Hesabu:
Na kila aliyelipa awe na risiti yake mkononi kabla ya kuketi mezani.