Dar inamlipa anayebomoa na kumwadhibu anayetunza nyumba ya zamani. Mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la historia. Hili ni suala la ardhi na hela.

Kila nyumba ya zamani ya biashara ikianguka mjini kati, lawama zinamwendea mwenye nyumba. Utasikia warithi wana tamaa, hawana uchungu na mji. Nimechoka na maneno hayo. Mwenye nyumba anapiga hesabu aliyopangiwa na jiji lenyewe.

Pita Mtaa wa India, Jamhuri, Libya, hadi Kisutu. Zilizobaki ni nyumba za ghorofa moja au mbili, duka chini, familia juu, roshani inatazama barabara, na nyingine zina jina la aliyejenga na mwaka vimechongwa kwa saruji juu ya mlango. Kiwanja hicho hicho kinabeba ghorofa kumi na kitu. Ukiitunza nyumba, unapata kodi ya fremu chache na vyumba vya juu. Ukiibomoa, unaingia ubia na mwekezaji, unapewa ghorofa zako, unastaafu. Nani katika nyinyi angechagua kuitunza?

Mtaniambia kuna sheria. Ipo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwa sheria hiyo, jengo linalolindwa kwa umri wake peke yake ni lile lililojengwa kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo linasubiri waziri alitangaze. Sasa Sultani Majid alianza kuujenga mji huu miaka hiyo hiyo ya 1860. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la 1866-67, maana yake hata lenyewe halilindwi kwa umri wake. Maduka ya enzi ya Mjerumani na nyumba za wafanyabiashara za miaka ya 1920 na 1930 ndiyo kabisa, hazimo. Na hata jengo likitangazwa, mwenye nyumba anapata nini? Anapata katazo. Hapewi nafuu ya kodi, hapewi fidia ya ghorofa alizonyimwa. Ndiyo maana wenye nyumba wakisikia mtu wa urithi anapita na kamera wanafunga mlango.

Hasira yangu ina chanzo. Nyumba niliyokuwa na fremu, nauza zipu, vifungo na nyuzi, mzee mwenye nyumba alikuwa anaipenda. Ngazi ya mbao ya kwenda juu ilikuwa inapakwa mafuta mara kwa mara, vioo vya rangi juu ya milango havikuwahi kupasuka. Bati likaanza kuvuja, akataka kubadilisha bati na mbao zilizooza. Akaenda kuomba kibali kwenye ofisi inayohusika. Akaambiwa alete michoro ya msanifu aliyesajiliwa, ripoti ya injinia, na ada, kama mtu anayejenga ghorofa jipya. Akavileta vyote. Faili likakaa. Masika ikaingia, dari ya chumba cha juu ikashuka, maji yakapita mpaka kwenye shehena yangu. Kilichofuata si kibali, ni notisi kwamba jengo ni hatarishi. Wale wale waliokalia faili ndio waliokuja kubandika notisi! Mzee alifariki kabla hajajibu. Watoto wakauza, na siwalaumu. Mabati ya uzio yalipowekwa, milango ilikuwa imeshang'olewa na kuuzwa kwa mtu wa vitu vya antiki, na ile roshani niliona vijana wanaipiga nyundo huku Fuso inasubiri chini kubeba vifusi.

Halafu tuje kwenye kodi. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani unaponunua umeme. Nyumba ya miaka ya 1930 iliyotunzwa inahesabiwa kwa ghorofa zake sawa na iliyojengwa juzi. Saruji, bati, rangi, vyote vina VAT ya asilimia 18. Fundi anayejua kupiga chokaa au kurudishia mlango wa kuchonga ni ghali, maana wamebaki wachache. Kutunza ni gharama tupu, na hakuna senti inayorudi.

Wenzetu walishaona kwamba katazo peke yake halilindi kitu. Marekani, mwenye jengo la kihistoria linaloingiza kipato akilikarabati kwa masharti, asilimia 20 ya gharama inapunguzwa kwenye kodi yake ya taifa. Nyumba ya mtu kuishi mwenyewe haimo, ni majengo ya biashara na ya kupangisha. New York tangu 1968 mwenye jengo linalolindwa anaweza kuziuza ghorofa ambazo haruhusiwi kujenga, akamuuzia mwenye kiwanja cha jirani. Wenye stesheni ya Grand Central walikwenda mahakamani wakitaka kujenga mnara juu yake, na 1978 Mahakama ya Juu ikawagomea. Moja ya hoja ilikuwa kwamba haki ya kuuza ghorofa hizo bado wanayo. Mumbai wakaingiza utaratibu kama huo kwenye kanuni zao za urithi za 1995. Mumbai, wakuu, mji ambao nyumba zake za biashara zinafanana na hizi zetu za Kisutu!

Tunaweza kufanya hivyo hapa. Mwenye nyumba asaini kwamba hatabomoa na atakarabati, masharti yaandikwe kwenye hati ili yamfunge hata mnunuzi wa kesho. Jiji limpe cheti cha ghorofa alizoacha. Akauze cheti kwa anayejenga kando ya njia ya mwendokasi au popote mpango kabambe unaporuhusu kurefuka. Hela inatoka kwa mwekezaji, serikali haitoi kitu. Wanaosema nchi maskini haiwezi, hapo waniambie gharama iko wapi.

Ila kuna sharti moja, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Ghorofa hazina bei kama zinapatikana bure. Mwekezaji atanunua cheti kwa mzee wa Kisutu kwa sababu gani, kama anaweza kuongeza ghorofa zake kwa kufahamiana na watu? Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa. Kikomo cha ghorofa kisiposimamiwa hakuna soko la vyeti, na kuna misiba. Tena Mumbai ghorofa zilizohamishwa zilirundikana vitongojini ambako barabara na maji havikutosha. Kwa hiyo maeneo ya kupokea yapangwe kwanza, wasije wakazirundika zote Sinza.

Hata kabla ya vyeti kuna mambo hayahitaji bunge. Kibali cha kukarabati kitenganishwe na cha kujenga jipya, na kiwe na muda wa mwisho wa kujibiwa. Notisi ya jengo hatarishi isitolewe kwa mtu ambaye ombi lake la kukarabati limekaliwa mezani. Madiwani wa mjini kati mnasoma humu, tunawajua. Lipelekeni hili kwenye baraza, na mje mtuambie nani kalipinga na kwa sababu gani.

Wenye nyumba, na nyie mlio na fremu kwenye nyumba hizo, wekeni hapa ya kwenu: mliomba nini, mkajibiwa nini. Majina ya watu msiweke.