Re: Barua ya kaunsili – LBC (kibali cha kubadili jengo la urithi) kwa rangi ya dirisha??

Kutoka: Mama Zaitun
Assalaam alaykum, na habari za asubuhi wana-orodha. Jana nimeletewa barua ya kaunsili. Nyumba yetu hapa England ni Grade II, yaani imeorodheshwa (listed) kuwa jengo la urithi, na madirisha ya mbele ni yale ya mbao ya kupandisha na kushusha kwa kamba. Rangi ilibambuka, mbao zinakunywa mvua. Nikachukua likizo, nikapiga msasa dirisha la sebuleni, nikalipaka kijani. Moja tu! Sasa naambiwa nimebadili sura ya jengo bila LBC, nijibu ndani ya siku 21. Swali: nikilirudishia nyeupe yake, hilo nalo linataka LBC, au napaka tu na kuwatumia picha? Naomba aliyepitia.

Kutoka: Baraka
Pole sana dada. Sisi tuko CA, yaani mtaa wa hifadhi, yenye Article 4 (amri inayotaka uombe ruhusa hata kwa mabadiliko madogo). Mwaka juzi nilitaka kuweka ya plastiki, wakakataa katakata. Basi nikaanza kukarabati mwenyewe. Waliotangulia walikuwa wamepaka dirisha likiwa limefungwa, tabaka juu ya tabaka, likagandana. Nikapitisha kisu pembeni, nikasukuma, likafunguka. Sikujua kamba zimeoza. Kioo na fremu yake vikanishukia vidoleni! Wiki nzima nachapa kazi kwa mkono mmoja. Cha msingi, andaa hela ya ada ya maombi.

Kutoka: Mzee Kombo
Baraka, usimchanganye mwenzio. LBC haina ada hapa England. Unayoisema wewe ni ya planning, ruhusa ya kawaida ya ujenzi. Na CA si listed. Kubadili sura ya listed bila kibali ni kosa la jinai, mwenye CA hawezi kumfundisha mwenye Grade II.
Mama Zaitun, mimi nauliza jingine: huo msasa ulipiga mkavu? Rangi za kabla ya miaka ya 1960 nyingi zina madini ya risasi, na zilipigwa marufuku kuuzwa kwa watu wa kawaida mwaka 1992 tu. Piga msasa wa maji, vaa barakoa ya FFP3, tandika nailoni chini. Vumbi usilivute kwa mashine ya kusafishia zulia, utalitawanya nyumba nzima. Si una mjukuu anayetambaa?

Kutoka: Neema
Shikamoo Mzee, lakini ungemwuliza bila kumtisha. Dada, ukipaka tena: puti mpya iache wiki moja au mbili ishike kwanza. Rangi ipande kwenye kioo kama milimita 2, maji yasipenye. Kamba usizipake, zinakakamaa na kukatika. Na anza asubuhi, jioni uweze kufunga bila kugandisha. Mimi nilianza saa kumi, nikalala dirisha wazi, mwezi wa Novemba.

Kutoka: Mzee Kombo
Marahaba. Sitishi mtu.
Ila barua hii imenikumbusha nyumba ya shangazi yangu Mji Mkongwe. Madirisha ya mti, chumvi ya bahari inayala, na warithi tuko nchi nne, hakuna anayekubali kutoa senti kabla ya mwenziwe. Huku dirisha moja la kijani linaletewa barua. Kwetu UNESCO wametuandika tangu 2000, na Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ikatuporomokea Desemba 2020 tunaitazama. Siku ile nililia kama mtoto.

Kutoka: Baraka
Mzee, utatengenezaje nyumba kwenu Tanzania wakati wanakuhesabu mgeni? Wangetupa uraia pacha tungetuma hela kwa moyo. Hadhi maalum wanayotupa badala yake ni peremende ya kumnyamazisha mtoto.

Kutoka: Neema
Wakenya wanao tangu katiba ya 2010, na nyumba za urithi Mombasa bado zinaanguka. Usisingizie pasipoti.

Kutoka: Msimamizi
Siasa tumekubaliana ni Ijumaa tu. Leo Jumanne.

Kutoka: Mama Zaitun
Asanteni nyote. Mzee Kombo, msasa ulikuwa mkavu, na mjukuu nimemhamishia kwa mama yake leo hii. Lakini narudia jamani: kurudisha NYEUPE, LBC inatakiwa au haitakiwi? Siku zimebaki 19.

Kutoka: Baraka
Kijani gani kwanza? Kile cha mlango wa msikiti au cha jani la mgomba? Tuma picha.