Naomba ushauri: zana gani inafaa kwa kingo za nyasi, kijia cha pevingi na matuta ya maua?

MamaWaKibada

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa bustani za nyumbani, hasa huku kwetu pwani. Nyumba yetu iko Kibada, Kigamboni, na mbele yake kuna uwanja wa nyasi unaopakana upande mmoja na kijia cha pevingi kinachotoka getini hadi barazani, na upande wa pili na matuta ya maua yanayopinda kufuata ukuta, yenye asumini, mikrotoni na boganvilia. Nyasi zimefunika pevingi za pembeni, na kwenye matuta zimekwisha kusukana na mizizi ya asumini kiasi kwamba ukivuta nyasi unatikisa na ua lenyewe.

Kijana anayetusaidia hutumia panga. Ana bidii, lakini kila akipita tuta hupanuka, uwanja hupungua na mstari hubaki na meno. Nimesikia habari za kisu cha nusu mwezi, sepetu na mashine ya uzi, na wengine wananishauri nijenge kingo za zege nimalize shida. Ningependa kujua zana ipi inafaa mahali gani, na kama zege ni lazima, kabla sijatoa fedha.

FundiBustani_Goba

Mama, pole na kazi. Kabla ya kununua chochote, chunguza nyasi zenyewe. Nyasi za Pemba, zile za majani mapana, hutambaa juu ya ardhi, kwa hiyo ukikata mashina yanayovuka mpaka umepata nafuu kwa muda mrefu kidogo. Ukoka hutambaa juu na chini. Fukua kidogo utaona mashina meupe, magumu, yenye pingili na ncha kali, na kila pingili inayobaki na unyevu inaweza kuchipua upya. Ndiyo maana panga halikusaidii: likiingia ardhini huingia kwa mshazari, kilichoko chini hakiguswi, na ukingo uliokatwa hivyo hubomoka, kwa hiyo safari inayofuata kijana hulazimika kukata ndani zaidi ili apate mahali pa kushika. Hapo ndipo uwanja wako unapoliwa.

Kwa ukingo wa tuta, zana yangu ya kwanza ni kisu cha nusu mwezi, yaani bamba la chuma la nusu duara kwenye mpini mrefu, ambalo unalikanyaga kwa mguu likashuka wima. Kisu hiki hakikokotwi wala hakichimbi. Unakikanyaga, unakitikisa kidogo kushoto na kulia, unakitoa, kisha unakisogeza chini ya upana wake ili mkato mpya uingiliane na uliotangulia. Usipokipata dukani, mafundi chuma wa Gerezani wanaweza kukutengenezea kwa kipande cha springi ya gari. Waambie wakiwekee sehemu ya kukanyagia, maana ukingo mwembamba huumiza mguu hata ndani ya buti. Sepetu bapa nayo hufaa kwa mstari ulionyooka, lakini chepe lenye tumbo, lile la kuchotea mchanga na zege, litakuachia mawimbi mstari mzima.

Usikate kwa kukisia kwa macho. Mahali paliponyooka funga kamba kwenye vigingi viwili. Penye mpindo, anika mpira wa maji juani mpaka ulainike, uulaze unavyotaka tuta lipinde, kisha mwaga majivu kandokando yake. Nenda hadi barazani uutazame kwanza, kwa sababu mpindo unaopendeza ukiwa umeinama juu yake huenda usipendeze kwa mtu anayeingia getini.

MkaziWaKunduchi

Naongeza dogo. Huku Kunduchi mawe ya matumbawe yako karibu sana na uso wa ardhi, na nusu mwezi hugonga jiwe ikaruka. Mwenye ardhi ya namna hii atumie mkasi wa bustani wenye mpini mrefu kwa mashina ya juu, na kwa mistari ya katikati ya pevingi atumie kisu cha mkate cha zamani chenye meno. Kinaingia mahali ambapo jembe la palizi haliingii.

MamaWaKibada

Ahsanteni sana. Nimefukua, na ni ukoka, mashina meupe yapo kama ulivyoeleza. Udongo wetu lakini ni mchanga mtupu. Tulijaribu kukata wima kwa sepetu upande wa ukuta, na ukingo ulimomonyoka tulipomwagilia. Je, kwenye mchanga nusu mwezi ina faida yoyote?

FundiBustani_Goba

Inayo, ila ni lazima kuelewa kwamba kwenye mchanga kinachoshikilia ukingo ni mizizi ya nyasi. Mtu akinyoa nyasi za pembeni mpaka zikaonyesha mchanga, ameondoa kile kile kilichokuwa kikizuia ukingo usianguke. Waambie wanaokata waache nyasi za ukingoni ziwe ndefu kidogo kuliko za katikati, na zimwagiliwe vizuri mpaka mizizi ishikane.

Kata siku inayofuata baada ya kumwagilia au baada ya mvua. Mchanga mkavu humiminika, na ulioloa chepechepe huzama. Shuka sentimita 7 hadi 10. Upande wa nyasi uwe karibu na wima, ukilala kidogo tu kuelekea tuta ili usining'inie, na upande wa maua uwe mteremko mpole, ili maji ya kumwagilia yasichimbe chini ya nyasi. Mashina meupe utakayoyakuta upande wa maua yafuate kwa uma wa bustani au kwa mikono. Usiyapige jembe, kwa sababu jembe huyakatakata na kuyasambaza, na badala ya shina moja utakuwa na vipande vingi vyenye uhai.

Hata hivyo, kwa mchanga wa Kigamboni sitakuahidi kwamba mfereji peke yake utadumu. Ningepanga safu moja ya pevingi kandokando ya tuta, zikilingana sawasawa na uso wa ardhi, juu ya mchanga ulioshindiliwa. Gurudumu la mashine ya kukatia nyasi litapita juu yake, na kila shina la ukoka litakalotaka kuvuka litaonekana likiwa juu ya tofali, mahali ambapo kulikata ni rahisi. Yale ya chini yanaweza kupenya, kwa hiyo kisu bado utakihitaji, ingawa kwa nadra zaidi.

MzeeWaTabata

Mwanangu wa Kibada, nakubaliana na fundi, na nakusihi usijenge ukingo wa zege ulioinuka. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hushuka wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Ukingo ulioinuka pande zote huzuia maji yasitoke, nayo hutafuta njia nyingine, mara nyingi kuelekea msingi wa nyumba au chini ya pevingi, na mchanga ukiondoka chini pevingi hudidimia. Kama ni lazima uinuke, acha mapengo kwenye upande wa chini wa mteremko.

SalasalaKijani

Shikamoo mzee. Naomba niseme kuhusu mashine ya uzi, kwa kuwa wengi huinunua wakidhani itafanya kila kitu. Uzi wa nailoni hukata majani na mashina ya juu tu, kwa hiyo mashine hii hutunza ukingo uliokwisha kukatwa. Kwa kijia, geuza kichwa ili uzi uzunguke wima, tembea juu ya pevingi, na uache ncha tu ya uzi iguse nyasi. Ukiikandamiza, uzi utaisha haraka na mchanga utakurukia. Miwani ya kinga na suruali ndefu si hiari, na watoto wakae ndani, kwa maana kokoto inayorushwa hufika mbali. Usifunge kisu cha chuma badala ya uzi unapofanya kazi kando ya tofali.

Tena, usiikaribishe kwenye shina la mti au ua changa. Uzi ukichuna gamba kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena kwenye mizizi, na mti hufa polepole bila watu kujua sababu. Acha duara la udongo mtupu kuzunguka kila shina, palilia kwa mkono. Na kama mashine inatumia petroli iliyochanganywa na oili, fuata kipimo cha kitabu chake: nyingine hutaka mililita 20 kwa lita, nyingine 40.

BintiMbagala

Samahanini, dawa ya kuua magugu haiwezi kumaliza kazi hii yote?

FundiBustani_Goba

Dada, dawa yenye glaifoseti huua ukoka, lakini huua pia kila jani bichi linaloguswa, na upepo wa bahari hauchagui. Ndani ya tuta lenye asumini sishauri kabisa. Katikati ya pevingi, mbali na maua, inaweza kutumika siku isiyo na upepo, kwa kufuata maelekezo ya kwenye chupa.

MamaWaKibada

Nimeelewa, na mawazo ya zege nimeyaacha. Nianze na kijia au matuta?

FundiBustani_Goba

Anza na matuta, kwa sababu huko ukoka unashindana na maua kwa maji na chakula, ilhali kwenye kijia unaharibu sura tu. Kwanza uliza waya wa taa ya getini na bomba la maji vimepita wapi, maana mara nyingi hufukiwa juujuu kandokando ya kijia, na nusu mwezi iliyonolewa kwa tupa hukata bomba la plastiki bila shida. Mkato mkubwa ufanyike kabla ya vuli, yaani kabla ya Oktoba, ili mvua ikianza mizizi ya ukingoni ishikane vizuri. Masika ukoka hukua kwa kasi, kwa hiyo upitie ukingo kila wiki mbili au tatu. Kiangazi, kila mwezi panatosha. Vipande vyote vya ukoka utakavyovitoa usivitupe kwenye mboji vikiwa vibichi. Vitandaze juu ya pevingi kwenye jua kali mpaka vikatike kwa kukunjwa, ndipo uvipeleke kwenye mboji.