Mjadala: Steelers wamlipie tena lainibeka bei ya raundi ya kwanza?

Wadau, msimu wa drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani ambapo timu huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, ukikaribia hoja hii hurudi, na kila ikirudi tunaishia kubishania sekunde za mbio zao. Safari hii tuichimbe kidogo.

Pittsburgh Steelers walimsajili lainibeka Patrick Queen Machi 2024 kwa miaka mitatu na dola milioni 41, mkataba wa kumfikisha mwisho wa msimu wa 2026. Jirani yake uwanjani ni Payton Wilson. Queen akiondoka, nani anasimama pale katikati? Wapo wanaotaka timu itumie chaguo lake la raundi ya kwanza, hata ikibidi kununua zamu ya juu zaidi, ili imchukue lainibeka wa chuo mwenye kasi kuliko wote. Mimi nasema hapana.

Kwa wasioufahamu mchezo: lainibeka wa katikati husimama yadi nne au tano nyuma ya majitu ya mstari wa mbele. Mpira ukianzishwa, ana chini ya sekunde moja ya kuamua kama wapinzani wanakimbia nao au wanarusha. Zamani timu ziliweka lainibeka watatu, hata wanne. Leo wapinzani hupanga wapokeaji watatu karibu muda wote, kwa hiyo makocha humtoa lainibeka mmoja na kuingiza beki wa tano. Wawili wanaobaki lazima wamzuie mkimbiaji na pia wamkabe mpokea pasi. Ndiyo maana kasi imepanda bei.

Sasa kumbukeni tulikotoka. Tarehe 4 Desemba 2017, huko Cincinnati, Ryan Shazier aliumia uti wa mgongo na hakucheza tena. Alikuwa chaguo la 15 la mwaka 2014, na kasi yake ilifunika makosa mengi ya wenzake. Msimu wa 2018 ukapita bila mrithi wa kweli. Drafti ya 2019 ilipofika, Steelers hawakusubiri zamu yao ya 20. Waliwapa Denver zamu hiyo, wakaongeza chaguo la 52 na la raundi ya tatu la 2020, wakapanda hadi namba 10 kumchukua Devin Bush wa Michigan. Yadi 40, yaani kama mita 36 na nusu, alikuwa amezikimbia kwa sekunde 4.43. Mei 2022 timu hiyohiyo ilikataa kumpa mwaka wa tano wa mkataba, na 2023 akahamia Seattle.

Njooni kwenye drafti ya 2024. Wilson wa North Carolina State alikuwa ametoka kushinda tuzo ya Butkus, anayopewa lainibeka bora wa vyuo. Akakaa bila kuchukuliwa mpaka namba 98, kwa sababu ya historia ya majeraha, magoti hasa. Muda wake wa yadi 40? Sekunde 4.43.

Kasi ileile, klabu ileile, bei mbili tofauti kabisa. Lainibeka mwenye kasi anapatikana raundi ya pili na ya tatu. Adimu ni mwenye macho, yaani anayesoma mchezo mapema, na macho hayapimwi na saa ya majaribio ya Indianapolis, ambako NFL huwapima vijana wa vyuo kabla ya drafti.

Nikitazama mikanda ya kijana wa chuo, siangalii mpira. Naangalia gadi anayemkabili, yaani mmoja wa majitu ya mstari wa mbele wa timu yenye mpira, kisha miguu ya kijana mwenyewe. Gadi akichomoka kukimbilia pembeni, lainibeka awe ameshaondoka naye kabla mkimbiaji hajapokea mpira. Gadi akirudi nyuma na kuinua kichwa, ni pasi hiyo, na kijana awe anarudi pia. Anayesubiri auone mpira ndipo aende, chuoni atawafikia watu kwa mbio zake. NFL kila mtu ana mbio. Hata idadi ya watu aliowaangusha inadanganya. Uliza aliwaangushia wapi, baada ya mpinzani kusonga yadi mbili au nane?

Karibuni.

Mchangiaji, Dallas:
Mkuu, Bush unamwonea. Mwaka wake wa kwanza tu aliangusha watu mara 109. Oktoba 2020 goti likachanika dhidi ya Cleveland, wakati ambapo timu ilikuwa haijapoteza hata mechi moja msimu ule. Baada ya hapo hakuwa yuleyule. Utasemaje alichaguliwa vibaya wakati kilichomrudisha nyuma ni jeraha? Halafu huyo Wilson unayemsifia alishuka kwa sababu ya magoti hayohayo. Angeumia mwezi wa kwanza, ungeandika mada hii?

Mchangiaji, Nairobi:
Kwa hilo la macho niko na wewe kabisa. Sisi Wakenya tulimfuatilia Daniel Adongo mwaka 2013, alipotoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts. Mwili alikuwa nao, mbio alikuwa nazo, wakampanga lainibeka wa pembeni. Lakini mchezo huo hakuwa ameucheza, si shuleni si chuoni. Akapata mechi chache tu, akitumika kwenye vikosi vya mipira ya mateke, na 2015 akaachwa. Roho iliniuma, lakini sikuona wa kumlaumu. Kusoma mstari wa mbele ni kazi ya miaka. Mimi ningekuwa skauti, swali langu la kwanza lingekuwa kijana ameanza mechi ngapi chuoni, na kwenye nafasi gani.

Mchangiaji, Minneapolis:
Tukiongelea bei tusiruke sheria ya mishahara. Wa raundi ya kwanza hupewa miaka minne, na klabu ina hiari ya mwaka wa tano. Mshahara wa mwaka huo hukokotolewa kwa kuwaweka lainibeka wote kundi moja, pamoja na wale wanaomkimbilia kwotabeki, yaani mrusha pasi, ambao ndio wanaolipwa fedha nyingi. Kwa hiyo mlinzi wa katikati anakuwa ghali ghafla. Queen mwenyewe, chaguo la 28 la 2020, Baltimore hawakumpa mwaka huo wa tano.

Ila kusema raundi ya kwanza haifai kabisa, hapo tunaachana. Detroit walimchukua Jack Campbell wa Iowa namba 18 mwaka 2023 wakasemwa vibaya kweli, na amekuwa nguzo ya ulinzi wao. Na Queen alitulia pale Baltimore walipomleta Roquan Smith kutoka Chicago mwaka 2022. Smith alikuwa chaguo la 8. Mmoja mwenye akili ya mchezo humnyanyua mwenzake, na hilo nalo lina bei.

Mleta mada:
Ndugu wa Dallas, kipaji cha Bush sijakikataa. Nazungumzia kilichotolewa ili apatikane. Goti humchanika yeyote. Wilson angeumia, Pittsburgh wangepoteza chaguo la 98 basi. Bush alipoumia, nafasi tatu za kujenga timu zilikuwa zimekwenda. Kazi hii inaumiza miili kuliko nyingi uwanjani, na kwangu hiyo ni sababu ya kulipa kidogo. Siwezi kuigeuza kuwa utetezi wa kulipa sana.

Na si Pittsburgh peke yao. Mwaka 2020 Arizona walimchukua Isaiah Simmons wa Clemson namba 8, kijana wa sekunde 4.39 aliyechezeshwa karibu kila sehemu ya ulinzi chuoni. Nafasi moja ya kudumu hawakumpatia. Agosti 2023 wakamtoa kwa Giants kwa chaguo la raundi ya saba. Fred Warner, ambaye kwangu ndiye kipimo cha lainibeka wa zama hizi, San Francisco walimpata namba 70 mwaka 2018. Pale BYU alikuwa akipangwa pembeni, anakaba wapokeaji, wengi hawakujua wamweke wapi. San Francisco waliona namna anavyosoma pasi.

Macho yenyewe mliyaona Novemba 2024, Baltimore walipokuja Pittsburgh. Mkimbiaji wao Justice Hill alichomoka kutoka upande wa kwotabeki Lamar Jackson, akapanda pembeni ya uwanja. Wilson alikuwa ameshageuka, anakwenda naye bega kwa bega. Pasi ikafika, Hill akaushika, na wakati wanaanguka Wilson akaung'oa mikononi mwake. Mechi ikaisha 18 kwa 16. Mbio zilimfikisha, lakini angechelewa kugeuka kwa nusu sekunde tu, hata 4.43 isingemsaidia.

Wa Minneapolis, kwa Campbell nakubali, tena ananisaidia: alikimbia sekunde 4.65. Detroit walinunua usomaji wake, na walimchukua kwenye zamu waliyokuwa nayo. Nikiwa na mtu kama huyo kwenye zamu yangu ya kawaida, nitamchukua. Ninachokataa ni kutoa machaguo mengine juu ya hilo kwa sababu ya saa. Msisahau kwamba 2024 hakuna lainibeka wa katikati aliyechukuliwa raundi ya kwanza. Wa kwanza alikuwa Edgerrin Cooper, namba 45.

Anayeamini kuna kijana wa chuo anayestahili kupandiwa hadi kumi bora, amtaje hapa na achague mechi tatu za msimu wake wa mwisho, mojawapo iwe ile aliyocheza vibaya kuliko zote. Tuitazame miguu yake gadi anapoanza kusogea, halafu tuendelee kubishana.